Yaya Alipokuja Kunilisha

Dada yangu mkubwa alishuka Kalemie kutoka treni ya Kabalo akiwa na bidoni la mawese mkononi, kuku kwapani, na macho ya mtu anayetafuta. Nilimpungia mkono. Akanitazama, akanipita, akaendelea kunitafuta nyuma yangu, katikati ya wabeba mizigo na magunia ya mahindi. Ilibidi nimfuate na kumgusa bega.

"Yaya, ni mimi."

Aligeuka. Alinipima kwa macho kuanzia viatu mpaka kichwani, akaweka bidoni chini, akamwachia kuku bila kujua, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Huyu njo mudogo wangu? Mulimufanya nini?"

Watu waligeuka kututazama. Mke wangu, aliyekuwa ameshaanza kumfukuza kuku kati ya reli, alisimama ghafla. Alijua, kabla sijajua mimi, swali lile limetumwa kwa nani.

Kwetu, yaya ni yule aliyezaliwa kabla yako. Wangu alikuwa zaidi ya hapo. Mama yetu alifariki nikiwa bado nashika ukuta ili nitembee, na dada yangu, ambaye mwenyewe alikuwa msichana wa kutumwa maji tu, ndiye aliyenichukua mgongoni. Alinibeba kwenda shamba la mihogo, alinibeba kwenye mtumbwi tulipovuka mto Luvua, na kila tulipotua alinitia kitu mdomoni. Nikawa mnene. Kwetu Ankoro watoto wasio na mama walijulikana kwa mbavu zao. Mimi nilikuwa na mashavu, naye alipenda kupita nami sokoni polepole, ili watu wapate muda wa kuniona. Siku ya ndoa yangu alimwambia mke wangu mbele ya wageni wote: "Shemeki, nakupatia muntu munene. Umuchunge hivi hivi." Watu walicheka, na mke wangu akaitikia kwa heshima.

Sasa alikuwa amesafiri kwa boti mpaka Kabalo, amengoja treni ambayo hakuna aliyejua itaondoka lini, ili afike na kukuta nusu ya mtu.

Hakujua kilichotokea. Mimi ni fundi wa kushona. Kazi yangu nzuri ni libaya, zile blauzi za harusi za mikono mikubwa ambazo kina mama wa Kalemie wanashindana nazo, na kazi hiyo unaifanya umekaa. Nilikaa miaka mingi. Nilikula asubuhi kabla ya kutoka, nikala mandazi kwenye mashini, nikala mchana, nikala karanga mchana huohuo, na usiku tukala bukari, ugali wetu, mke wangu aliporudi kutoka ufukweni anakouza ndagala, dagaa wa ziwani. Halafu ikaanza kiu. Nikawa nakunywa maji kama gari bovu. Daktari alinipima damu, akaniambia sukari imepanda, bado sijafika mahali pa vidonge, ila nimeshaingia kwenye njia ya kwenda huko.

"Punguza bukari, tembea kwa miguu," aliniambia. "Na kwa sababu wewe unakula mchana kutwa, tufunge mlango. Kula kuanzia saa sita mchana, na jua likikaribia kuzama uwe umemaliza. Nje ya hapo ni maji, au chai bila sukari. Ukisikia kutetemeka, uache, uje hapa mara moja. Na uje kupimwa kila mwezi."

Mwanzo ulikuwa mgumu. Asubuhi mama mmoja anayeuza mandazi alikuwa anapita mbele ya mashini zetu, na harufu ile ilinifanya nikosee mstari. Aliyenisaidia ni jirani yangu wa dukani, mzee Mwislamu anayeuza vitambaa vinavyoletwa na boti za Kigoma, ambaye babu zake walikuwa wafanyabiashara wa ziwani.

"Papa fundi," aliniambia, "sisi tunajua kufunga. Usikae ukisubiri chakula. Fanya kazi ngumu asubuhi, hiyo nyepesi iache ya mchana. Na usimtangazie kila mtu, watu watakuonea huruma, huruma itakulisha."

Nilifuata. Lakini aliyebeba mzigo mkubwa alikuwa mke wangu. Alibadilisha nyumba nzima. Wakati wateja wake wazuri wanafika ufukweni jioni, yeye alikuwa ameshafunga mizani na kuwaachia wenzake, ili arudi kupika mapema na sote tule jua likiwepo. Watoto walinung'unika, kisha wakazoea. Sombe, yaani kisamvu, ikawa nyingi, bukari ikawa ndogo. Nilipunguza kiuno cha suruali zangu zote, kisha nikazipunguza tena. Nimeshona nguo za maharusi na za mapadri, lakini sijawahi kujivunia mshono kama ule wa kupunguza suruali yangu mwenyewe.

Dada yangu sikumwambia kwa simu. Pale anapoishi mtandao unapatikana kwa vipande, na nilijua atapata neno "damu" na neno "daktari" peke yake, aanze kuomboleza. Nilitaka kumwambia uso kwa uso. Halafu akafika, akashika kichwa pale kwenye reli, na mimi nikainama kulichukua bidoni lake badala ya kueleza.

Kesho yake asubuhi niliamshwa na harufu. Alikuwa amewasha moto kabla ya mtu yeyote, amepika samaki wa kukaushwa aliyemleta kutoka Ankoro, katika mawese na karanga za kusaga, na pembeni bukari ya mihogo iliyosimama kama kilima. Alikuwa ameshaweka maji ya kunawa.

"Kaa," alisema.

Nikakaa. Yeye naye akakaa mbele yangu, mikono magotini, kama alivyokaa nilipokuwa mtoto, akifuata kila tonge kwa macho mpaka linapoingia. Sitasema uongo: ilikuwa tamu. Ladha ile ya moshi wa kwetu ilinipeleka mahali ambapo hakuna treni inayofika. Nilikula mpaka nikaona chini ya sahani, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Mke wangu alisimama mlangoni na kikombe changu cha chai isiyo na sukari. Alikitazama, akakimwaga nje.

Nilijiambia ni siku moja. Lakini habari ilienea kwamba yaya amefika, na ndugu wakaanza kuja kumsalimia: wa kutoka Kabalo, wa kutoka Manono, mpaka watu ambao undugu wetu ulihitaji maelezo marefu. Kila aliyekuja alipikiwa, na kwetu mgeni hali peke yake, mwenye nyumba anakaa naye. Nilikula asubuhi na hawa, mchana na wale, na baada ya giza na waliochelewa. Dada yangu alipika kila kitu alichojua nakipenda: matembele na ndagala mbichi, samaki kuhe wa kuchoma, uyoga aliokausha mwenyewe, uji wa mahindi na karanga uliojaa sukari. Nyumba ilijaa vicheko. Nilifurahi, na kila siku nilikuwa nasema kesho.

Kazini nikaanza kusinzia. Siku moja nilishona mkono wa kushoto wa libaya upande wa kulia, na bibi harusi alikuwa anakuja kuichukua jioni. Mzee wa vitambaa aliniangalia nikifumua.

"Funga yako imeingiliwa na mgeni," alisema.

"Ni dada yangu, mzee. Ndiye aliyenilea. Nitamwambiaje nisile?"

"Sisi mgeni akifika Ramadhani tunamwambia mlangoni: karibu, tumefunga. Hakasiriki. Anakaa nasi, tunangoja pamoja. Huyu wako atakasirikia nini, na bado hujamwambia?"

Mwezi ulikuwa umefika, nikaenda kupimwa. Muuguzi aliangalia karatasi, kisha akaniangalia mimi juu ya miwani.

"Kuna mgeni nyumbani?"

"Dada yangu."

"Mgeni ataondoka, Papa. Wewe utabaki na damu yako."

Nilirudi nimeamua kusema siku hiyohiyo. Nilikuta mke wangu peke yake uani, anachambua ndagala, macho yamevimba. Aliniambia kwamba dada yangu ameita kikao. Jumapili, baada ya kanisa, mjomba wetu na mke wake wangevuka mto Lukuga kuja kwetu, na shauri lilikuwa moja: mwanamume aliyekabidhiwa akiwa mnene amekonda mikononi mwa mke wake.

"Juu ya nini hukumueleza?" nilimuuliza. "Wewe unajua yote."

"Papa, ni ugonjwa wako, si wangu kuutangaza. Wewe njo mwenye kinywa." Akaendelea kuchambua. "Lakini Jumapili wakiniuliza, nitajibu."

Nilitaka kwenda kwa dada yangu saa ileile. Akanizuia. Kama shauri limeitwa, alisema, liishe mbele ya wale walioitwa. Asingependa kusafishwa kwa siri baada ya kuchafuliwa hadharani. Hapo nilimwona mke wangu upya. Nilikuwa nimeishi naye miaka yote hiyo nikidhani mpole ndani ya nyumba ni yeye.

Jumapili ilifika. Mjomba alikaa kwenye kiti kikubwa, mkewe kando yake. Dada yangu alikaa chini kwenye mkeka, amevaa kikwembe, kitenge chake cha kanisani. Alisema taratibu, bila matusi, na hiyo ilifanya maneno yake kuwa mazito zaidi.

"Mjomba, mimi sikuzaa huyu mutoto, lakini nilimulea. Nilimupatia mama huyu akiwa na mwili. Leo muntu akishuka treni hamujue tena. Tangu nilifika, nampikia anakula, tena anakula muzuri. Basi hamu ya kula anayo. Kitu kinakosa ni mupishi. Naomba shemeki atuambie: analisha mume wake nini?"

Mjomba alimgeukia mke wangu. "Mama, umesikia. Jibu."

Mke wangu alipiga magoti kidogo, kama heshima inavyotaka mbele ya mawifi na wajomba, kisha akasimama wima.

"Yaya, nimesikia, na sikasirike. Uliniambia nimuchunge, na mimi ninamuchunga. Kama ningetaka afe, ningemupikia tu. Ningemupikia asubuhi, ningemupikia mchana, ningemupikia usiku, na watu wote wangenisifu."

Nilisimama kabla mtu hajazungumza.

"Yaya, nina ugonjwa wa sukari ndani ya damu," nilisema. "Unaanza. Daktari alisema nisile kabla ya saa sita wala baada ya jua kuzama. Huyu mama hakuninyima chakula. Anaacha wateja wake ufukweni kila jioni ili mimi nile mapema. Mwili huu unaouona, tumeutafuta sisi wawili. Na tangu ulipofika, kwa sababu chakula chako nakipenda na wewe nakupenda, sukari imepanda tena. Wiki hii muuguzi aliniambia."

Nilidhani atalia. Hakulia. Alipitisha kidole kwenye msuko wa mkeka.

"Huo ugonjwa," aliuliza, "unakunywesha maji sana?"

"Ndiyo."

"Muntu akikojoa nyuma ya nyumba, sisimizi wanakuja?"

Nilimwangalia. "Wanakuja, ndiyo. Juu ya sukari."

"Na kidonda kinakataa kupona?"

Mjomba alitoa kofia kichwani. Hapo nami nikaelewa anamzungumzia nani. Baba yetu alikufa na kidonda cha mguu ambacho majani yote ya Ankoro hayakukiponya. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka kitambaa tu na harufu. Yeye ndiye aliyekuwa anafungua kitambaa na kukifunga.

"Alikuwa anaamuka kila mara kuomba maji," alisema. "Alikuwa anakonda. Na mimi namupikia uji, natia asali, natia ndizi za kuiva, apate nguvu. Kumbe njo huu ugonjwa."

"Hakuna aliyejua, Yaya. Hakukuwa na wa kutuambia."

"Hakukuwa." Alijifuta mikono kwenye kikwembe, ingawa haikuwa na kitu, akainuka kutoka kwenye mkeka. Alimwendea mke wangu, akashika mikono yake yote miwili. "Shemeki, nisamehe. Mimi nilifika na macho, sikufika na masikio. Sasa niambie: saa ngapi anakula, na anakula nini?"

Mke wangu alimweleza. Dada yangu alirudia kila jambo kwa sauti mpaka akalishika. Kisha akamgeukia mjomba, ambaye alikuwa bado ameshika kofia, na kumwambia kwamba kwa kuwa saa sita imepita tayari, chakula kiko tayari, na jioni asitegemee kitu.

Kuanzia siku ile nyumba yetu ilipata mkuu wa jeshi. Ndugu waliokuja asubuhi walipewa viti na chai, na walipoanza kutazama upande wa jikoni waliambiwa: "Hapa tunafunga. Ukitaka kula, ungoje nasi." Wengine waliondoka. Wengi walingoja, na nikagundua kwamba wale waliongoja ndio niliopenda kuzungumza nao. Mpwa mmoja aliyeleta keki ya kumbukumbu ya kuzaliwa baada ya magharibi alisifiwa, akashukuriwa, na keki yake ikawekwa kabatini mpaka kesho mchana.

Chakula chenyewe hakikupungua utamu. Alipunguza mawese, akaacha uji, tonge langu la bukari akalifanya dogo kuliko ngumi yangu, lakini sombe aliyotwanga ilikuwa laini kama ya harusi, na samaki hakunipunguzia. Halafu akaamua kwamba haifai mimi kula vitu vya sokoni mchana. Siku ya kwanza sikumtegemea. Nilisikia mafundi wenzangu wananyamaza mmoja baada ya mwingine, nikainua kichwa kutoka kwenye mashini, nikamwona anakuja katikati ya soko, sufuria kichwani limefungwa kwa kitambaa cheupe, hashiki kwa mkono, anatembea kama mtu aliyezaliwa Kalemie. Adhana ya adhuhuri ikaanza kulia wakati anatua sufuria mbele yangu. Hakuwa na saa mkononi. Alikuwa amemuuliza mke wangu, na mke wangu alimwambia: ondoka kivuli chako kikianza kuingia chini ya miguu.

"Mimi njo yaya yake," aliwatangazia mafundi wote. "Huyu anafunga juu ya damu yake. Muntu asimupatie kitu asubuhi. Hata andazi moja."

Mama wa mandazi alikuwa anapita na beseni lake. Tangu siku ile alihamia upande wa pili wa barabara. Mzee wa vitambaa alisimama kumwamkia dada yangu kwa mikono miwili, akamwomba radhi kwamba anakwenda kuswali, na aliporudi akakuta amewekewa sahani yake. Nilikula nikiwa nimezungukwa na watu. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu zenye mvi, anayeletewa chakula na dada yake sokoni, na nilitamani njia ile ya katikati ya soko iwe ndefu zaidi ili watu wengi zaidi wamwone akija.

Kabla ya kurudi Ankoro alitaka yeye naye apimwe. Tulikwenda watatu. Damu yake ilikuwa safi kabisa, na muuguzi alifanya kosa la kumwambia hivyo kwa sauti kubwa, kwa hiyo njia nzima ya kurudi nyumbani kila tuliyekutana naye alipewa habari. Yangu ilikuwa imeanza kushuka. Muuguzi aliuliza kama mgeni ameondoka. "Njo mimi huyu," alisema dada yangu, "bado niko."

Aliondoka na treni, na tukarudi kwenye maisha yetu. Miezi iliyofuata wageni wengine kutoka kwetu walipita Kalemie, na kila mmoja alifika akiwa na maagizo: asubuhi usimwambie fundi akaribie sahani. Binamu mmoja, mtu mzito wa maneno, alikula peke yake amegeukia ukuta, ili asinitamanishe. Wakati wa Noeli nilikula asubuhi pamoja na watoto, bila woga, na kesho yake nikarudi kwenye saa zangu.

Mwezi uliopita daktari aliniambia niko mbali na vidonge, na kwamba kituo cha afya kinakusanya watu wenye sukari ili wazungumze wenyewe kwa wenyewe. Aliniomba nije kuwaeleza nilifanyaje. Nilimjibu kwamba anayejua ni mke wangu.

Alikataa, kisha akakubali, kisha akaomba libaya mpya. Nilimshonea ya rangi ya bluu yenye shingo pana. Asubuhi ile alisimama mbele ya benchi zilizojaa wanaume wenye matumbo na wake zao. Halafu mama mmoja wa nyuma aliuliza: "Na mama mukwe akifika, unafanya nini?" Mke wangu alivuta kiti, akakaa karibu nao, akaanza kueleza. Kina mama walisogeza benchi mbele. Hata muuguzi aliacha karatasi zake akaja kusikiliza. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, tumbo tupu, na mwanamume mmoja aliyekuwa kando yangu aliponiuliza kama huyu mama anayezungumza vizuri hivi ni daktari, nilimwambia hapana, ni mke wangu.